Kuchonga au kununua mpya? Mwongozo kamili wa ovahoo ya injini ya dizeli, kipuri kwa kipuri

Injini ya dizeli ikianza kula oili na kutoa moshi wa bluu, mwenye gari hupata ushauri wa aina mbili kabla hata bolti moja haijalegezwa. Mmoja atamwambia anunue injini ya mtumba, afunge, arudi barabarani. Mwingine atamwambia bloku, yaani mwili wa injini wenye silinda, bado linachongeka, asitupe hela. Kila mmoja anaweza kuwa sahihi, ila hakuna aliyepima kitu.

Msimamo wangu nautaja mapema. Hili si suala la kuamua kwa injini nzima kwa mkupuo. Linaamuliwa kipuri kimoja kimoja, maikromita, kifaa cha kupimia unene wa chuma, ikiwa mkononi. Chuma kikubwa kilichotoka kiwandani, yaani bloku, krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni), konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki) na silinda hedi (kichwa cha juu chenye vavu), kama hakina ufa na bado kina nyama ya kuchongwa, kitengeneze. Vile vidogo vya kuchakaa, kama ringi, beringi, gasketi na sili, nunua vipya, na hapo usibane matumizi. Gereji nyingi ninazozijua hufanya kinyume: zinanunua krenki "mpya" ya bei rahisi isiyojulikana imetoka wapi, halafu zinarudisha pampu ya oili ileile iliyoiua krenki ya kwanza.

Mfano wangu utakuwa Toyota 3L: silinda nne, cc 2,779, kipenyo cha silinda mm 96 na mwendo wa pistoni mm 96. Ndiyo injini iliyobeba abiria kwenye Hiace na mizigo kwenye Hilux kwa miaka mingi, na spea zake hazisumbui kupatikana, uwe Gerezani na Kariakoo Dar, Kirinyaga Road Nairobi au Kisekka Kampala. Mwenye 2L, 5L au 1HZ, nazo dizeli za Toyota, atafuata hatua hizihizi, ila vipimo achukue vya injini yake.

Hatua ya 1: Pima kabla ya kufungua

Moshi una lugha yake. Wa bluu unaotoka asubuhi tu gari linapowashwa, kisha ukaisha, mara nyingi ni sili za vavu. Wa bluu usiokoma ukipanda mlima na mzigo ni ringi na silinda. Mweupe unaoambatana na maji kupungua ni gasketi ya hedi au hedi yenyewe. Mweusi ni dizeli isiyoungua: nozeli, pampu ya dizeli, au filta ya hewa iliyoziba. Nimeona injini ikishushwa chini kwa moshi mweusi ambao ungeisha kwa nozeli nne na filta moja.

Baada ya moshi, pima kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda. Geji iwe ya dizeli; ya petroli haifiki huko juu na inaweza kupasuka. Pasha injini moto, toa plagi zote za kupashia, chomoa waya wa solenoidi ya kukatia dizeli kwenye pampu, hakikisha betri imejaa, kisha piga stata silinda moja baada ya nyingine. Kwa familia ya 2L na 3L kitabu cha kiwanda kinataka kg/cm² 32 au zaidi, kiwango cha chini kabisa ni 20, na tofauti kati ya silinda isizidi 5. Kwa geji inayosoma psi, 32 ni takribani 455 na 20 ni takribani 284.

Zote nne zikiwa chini kwa pamoja, na kwa kiasi kinacholingana, injini imechoka kwa umri. Moja ikiwa chini peke yake, kuna kilichovunjika au kuungua: ringi, vavu, pistoni. Mbili zinazopakana zikiwa chini, tilia shaka gasketi kati yao. Ule mtindo wa kumimina oili ndani ya silinda uone kama kompresheni inapanda, uliozoeleka kwenye petroli, kwenye dizeli unadanganya, kwa sababu chumba cha juu ni kidogo mno na oili yenyewe inajaza nafasi.

Funga pia geji ya mkono ya presha ya oili mahali pa swichi ya taa. Taa ya dashibodi huwaka mambo yakiwa yameshaharibika.

Hatua ya 2: Fungua ukitafuta muuaji

Krenki haifi yenyewe. Ukichonga na kufunga bila kujua nini kiliua injini, muuaji yuleyule atakusubiri ndani.

Kabla ya kulegeza kofia za meni, zile zinazoshikilia krenki kwenye bloku, tazama namba na mishale iliyopigwa juu yake. Kiwanda kilichonga matundu yale kofia zikiwa zimefungwa, kwa hiyo kofia ya 2 ikienda kwa 3 krenki itabana. Za konrodi nazo hivyo hivyo. Toa magamba ya beringi, yapange juu ya kadibodi kwa mpangilio wake, juu na chini, piga picha. Hapo tulia uyasome.

Gamba lenye mikwaruzo mingi ya duara limepitiwa na uchafu: filta ya bei rahisi, au oili iliyokaa kupita muda. Gamba lililobadilika kuwa jeusi na kuyeyuka limekosa oili. Lililochakaa kona moja tu ya mbele na kona ya pili ya nyuma linakuambia konrodi imepinda. Lililolika mpaka shaba ikaonekana, lakini sawasawa pande zote, limezeeka kwa heshima. Kisha tazama chujio ndani ya sampu, lile bakuli la oili la chini, chungulia kama limezibwa na vipande vya silikoni. Silikoni inayopakwa kwa wingi badala ya gasketi imenoki, yaani imeua kwa kukosa oili, injini nyingi mijini.

Angalia pia tembostati, kile kidhibiti cha joto la maji. Kama haipo, umeshapata jibu la mengi. Kuna mazoea sugu ya kuitoa ili "gari lisichemshe". Injini isiyo na tembostati hukimbia baridi, dizeli isiyoungua vizuri huosha kuta za silinda, na oili haifiki joto la kukausha unyevu. Gari likichemsha ikiwepo, mara nyingi tatizo ni rejeta, feni au pampu ya maji.

Hatua ya 3: Osha na utafute nyufa kwanza

Usilipie kazi yoyote ya kuchonga kabla ya kipimo cha nyufa. Hedi ipelekwe ikafungwe vibati, ijazwe hewa na kuzamishwa kwenye maji ya moto. Povu likitoka, umeona ufa. Maji yawe ya moto kweli, kwa sababu kuna nyufa zinazofunguka chuma kikipanuka tu. Hedi za 2L-T zenye turbo zinajulikana kwa kupasuka kati ya vavu ya kuingiza na ya kutoa, na ukikutana na ufa wa pale, acha. Wapo watakaokuambia unachomeleka. Chuma cha kasti kinachomeleka na fundi hodari, kwa kupashwa joto taratibu na kupozwa taratibu, na hata hivyo ufa unaopita karibu na kiti cha vavu hurudi.

Krenki ipimwe kwa sumaku na unga wa chuma. Penye karakana isiyo na kifaa hicho, ining'inize kwa kamba, igonge kwa nyundo ndogo: nzima hulia kwa mlio mrefu, iliyopasuka hutoa mlio uliokufa. Kipimo cha nyundo hakitoshi kuikubali krenki, lakini kinatosha kuikataa.

Hatua ya 4: Bloku na pistoni

Hapa ndipo hela nyingi huokolewa au hupotea.

Silinda hailiki sawasawa. Huisha zaidi juu, pale ringi ya kwanza inapogeuza mwendo, na huisha zaidi upande ambao pistoni inasukumwa kuliko upande wa mhimili wa krenki. Kwa hiyo kila silinda hupimwa mara sita: juu, katikati na chini, na kila mahali pande mbili. Ukipitisha kidole juu kabisa utahisi ngazi ndogo. Juu ya ngazi hiyo ringi haifiki, hivyo pana kipenyo cha kiwanda bado.

Tuseme geji inasoma 96.19 juu upande wa msukumo, 96.11 juu upande wa mhimili, na 96.04 chini. Tofauti ya juu na chini ni mm 0.15, na silinda imekuwa yai kwa mm 0.08. Fundi wa haraka atakuambia "tia ringi mpya tu, itashika". Ringi mpya ni duara. Ndani ya silinda yenye umbo la yai itagusa baadhi ya sehemu na kuacha nyingine, na itatanuka na kubana kila pistoni ikipanda na kushuka. Kwangu mimi, ringi mpya bila kuchonga naikubali silinda ikiwa na tofauti ndogo sana, isiyozidi mm 0.05 hivi, na isiyo na mkwaruzo unaokwama kwenye ukucha. Zaidi ya hapo unanunua miezi michache tu.

Sasa hesabu. Pistoni za kuchongea huja zimegongwa kichwani 0.50, 0.75 au 1.00, maana yake zimezidi ya kiwanda kwa milimita hizo. Ukienda 0.50, silinda itakuwa 96.50. Kutoka 96.19 hadi 96.50 ni mm 0.31, lakini hiyo ni kipenyo. Kila upande wa ukuta unaondoka mm 0.155 tu. Mkwaruzo wenye kina cha mm 0.2 hautaisha kwenye 0.50. Chagua saizi kwa silinda iliyo mbaya kuliko zote, na zote nne zichongwe saizi moja, kwa sababu pistoni kubwa ni nzito zaidi na injini itatikisika.

Silinda moja ikiwa mbovu sana na tatu nzuri, au bloku likiwa limeshafika 1.00, kuna slivu. Tundu hupanuliwa, bomba la chuma cha kasti husukumwa kwa nguvu ya presi, kisha huchongwa ndani hadi kipenyo cha kiwanda. Slivu iliyofungwa vizuri inaishi miaka. Iliyolegea huzuia joto kufika kwenye maji, na pistoni yake itakuwa ya kwanza kushika. Muulize fundi amebakiza mbano wa kiasi gani kati ya slivu na bloku. Asiye na jibu la namba, ondoka.

Malori mengi yana mpango tofauti kabisa: laina za maji, yaani mabomba ya silinda yanayoguswa na maji moja kwa moja, zinazochomoka na kuuzwa seti nzima pamoja na pistoni na ringi zake. Huko hakuna kuchonga silinda. Unabadilisha seti, unabadilisha raba za chini, unapima laina imechomoza kiasi gani juu ya bloku, basi. Ikichomoza pungufu, gasketi haitaibana. Kwa magari hayo mjadala wa kuchonga au kununua ulishamalizwa na kiwanda.

Kosa linaloumiza kuliko yote ni kupeleka bloku karakana kabla ya kununua pistoni. Nunua kwanza, uende nazo. "Fundi, pistoni hizi hapa, pima kila moja uiandikie silinda yake." Pistoni nne za boksi moja zinaweza kutofautiana kwa kiasi cha unywele, na nafasi inayotakiwa kati ya pistoni na ukuta, ambayo kwa dizeli ndogo huwa kati ya mm 0.04 na 0.07, ni ndogo kiasi cha kumezwa na tofauti hiyo. Fuata karatasi iliyomo kwenye boksi. Mashine ya kuchongea iache mm 0.03 hadi 0.05 zimaliziwe kwa honi, yaani mawe ya kusugulia, na honi iache mistari inayokatana kama nyuzi 45, kwa maana ndimo oili inamojificha.

Bloku likirudi kutoka honi, kwa macho ni safi. Siyo. Vumbi la jiwe limejaa kwenye mistari ile, na petroli au dizeli hailiondoi, inalisogeza tu. Lioshe kwa maji ya moto, sabuni ya unga na brashi, silinda moja moja, halafu futa kwa kitambaa cheupe chenye oili nyepesi. Kitambaa kikitoka na kijivu, rudia. Kikitoka cheupe, paka oili mara moja, hasa ukiwa Tanga, Mombasa au Dar. Hewa ya bahari huanza kutia kutu ukuta uliochongwa kabla hujamaliza chakula cha mchana.

Hatua ya 5: Krenki na konrodi

Pitisha ukucha juu ya shingo ya krenki, sehemu ya duara inayozungukia ndani ya beringi, kwa upana wake. Ukikwama, shingo inataka kusagwa. Usipokwama, pima kwa maikromita sehemu mbili, pande mbili. Umbo la yai la zaidi ya mm 0.02 linataka kusagwa pia, hata kama linang'aa.

Krenki husagwa chini kwa hatua: 0.25, 0.50 na kuendelea, na beringi hununuliwa nene kwa kiasi hicho hicho. Shingo iliyokuwa 55.00 ikisagwa hatua ya kwanza inakuwa 54.75, na nyuma ya gamba jipya utaona 025. Shingo za konrodi zote ziwe saizi moja, za meni zote saizi moja. Makundi mawili yanaweza kutofautiana. Ambacho wengi hawakikagui ni kona, pale shingo inapokutana na ukuta wake. Pametoka kiwandani pamezungushwa kidogo. Msagaji akipaacha mraba mkali, krenki itakatika hapo hapo, siku yoyote. Matundu ya oili nayo yalainishwe midomo, kisha yapigwe hewa na waya mpaka upande wa pili.

Shingo iliyojazwa kwa kulehemu kisha ikachongwa upya siikubali kwenye gari la abiria. Krenki ikiwa imepita hatua ya mwisho ambayo beringi zake zinauzwa, tafuta nyingine, na hapo nitachagua ya mtumba ya kiwanda inayopimika kuliko "mpya" isiyo na jina.

Konrodi zipimwe kama zimepinda au kujipinda mzunguko, tundu kubwa lipimwe uduara likiwa limefungwa kofia kwa mkazo kamili wa spana ya nguvu, ile inayopima mkazo, na bushi ndogo ya juu ibadilishwe. Konrodi iliyogeuka rangi ya bluu kwa joto, itupe bila kuijadili.

Hatua ya 6: Silinda hedi

Laza rula ya chuma juu ya uso wa hedi, kwa urefu, kwa upana na kwa mshazari, halafu jaribu kupenyeza filageji, vile vibati vyembamba vya kupimia mwanya. Kikomo kinatofautiana sana kati ya injini na injini, kwa hiyo tumia kitabu chako. Hedi iliyopinda huskimiwa, lakini dizeli haina huruma hapa: kila unachokwangua kinapandisha mgandamizo na kusogeza vavu karibu na pistoni. Kwenye familia ya L kuna vyumba vidogo vya chuma vilivyopachikwa kwenye uso wa hedi, na navyo lazima vikae sawa baada ya kukwangua. Viti vya vavu vizamishwe kwa kiasi kilekile.

Kuna kitu wauzaji wengi hawakitaji. Gasketi za hedi za familia hii zina unene tofauti, na zimeandikwa herufi: B nyembamba, D ya kati, F nene. Inachaguliwa kwa kupima pistoni imechomoza kiasi gani juu ya bloku ikiwa kileleni. Bloku likikwanguliwa juu, pistoni huchomoza zaidi, na gasketi ya zamani huenda isifae tena. Ukiingia dukani ukaomba "gasketi ya 3L" bila herufi, utapewa iliyopo.

Vavu zenyewe, shina likipimwa likawa zuri na ukingo ukiwa bado mnene, zinasagwa upya kwenye viti na kuendelea kufanya kazi. Gaidi za vavu, yale mabomba madogo ambamo shina hupanda na kushuka, zikilegea zibadilishwe kabla ya kukata viti, maana kiti hukatwa kwa kufuata gaidi. Kujaribu kama vavu zimekaa, ligeuze hedi, mimina mafuta ya taa kwenye njia za hewa, subiri dakika chache. Kisipolowa kitu chini ya vavu, kazi ni safi.

Hatua ya 7: Vitu ambavyo huvitengenezi

Ringi, beringi, gasketi, sili zote, mkanda wa taimingi pamoja na tenshona yake, tembostati, pampu ya maji, filta, mipira ya maji. Bolti zinazokazwa kwa nyuzi za pembe baada ya nguvu ya kwanza hurefuka kidogo. Zipime, zikizidi kikomo au usipokuwa na kipimo chake, nunua. Pampu ya oili ifunguliwe na kupimwa nafasi za meno, ila kwenye injini iliyonoki mimi sipimi, nabadilisha: vipande vya beringi vilipita mle.

Stata na alternata ni kinyume chake. Kaboni, bushi na beringi mpya ndani ya alternata ya kiwanda vinaishinda alternata mpya ya bei ya kutupa. Nozeli: bodi ibaki, ncha ziwe mpya, zipimwe kwa pampu ya mkono hadi zipulize ukungu bila kudondosha. Pampu ya dizeli usiiguse mwenyewe. Ipelekwe kwa wenye benchi la kuipimia.

Feki ni tatizo kubwa kuliko uchakavu. Tanzania vita hiyo ipo mikononi mwa Tume ya Ushindani, FCC, na Kenya kuna mamlaka maalum ya kupambana na bidhaa bandia, lakini dukani uko peke yako. Majina kama NPR, RIK na TP kwa ringi, au Taiho na NDC kwa beringi, ni ya Kijapani na yanaaminika, ndiyo maana boksi zake huigwa. Boksi si ushahidi. Nenda na maikromita. Pima gamba la beringi unene wake sehemu kadhaa; pima pistoni nne kwenye mizani ya jikoni ya kidijitali, ziwe ndani ya gramu chache; chukua ringi uitumbukize ndani ya silinda, uisawazishe kwa kichwa cha pistoni, upime mwanya wake kwa filageji. Kwa ringi ya kwanza, kanuni ya jumla ni mm 0.3 hadi 0.4 kwa kila mm 100 za kipenyo. Ringi isiyo na mwanya kabisa itavimba kwa joto na kuvunjika. Muuzaji anayekataa upime kabla ya kulipa amekwisha kukujibu.

Hatua ya 8: Piga hesabu, ukijumlisha siku

Baada ya vipimo ndipo kalamu ishikwe, siyo kabla. Andika safu tatu: kutengeneza, injini ya mtumba, na vipuri vikubwa vipya. Kwenye kila safu weka vitu vitatu: bei, siku za gari kulala, na unachokijua kuhusu hali yake.

Safu ya siku ndiyo inayosahaulika. Hiace ya abiria inayoleta hesabu kwa tajiri kila jioni ikilala wiki mbili karakana, zidisha hesabu hiyo kwa siku kumi na nne, jumlisha kwenye gharama ya kuchonga. Wakati mwingine injini ya mtumba inashinda kwa sababu hiyo pekee, na hakuna aibu. Kwa gari la familia au la shamba, siku hazina uzito huo, na kuchonga kunashinda mara nyingi.

Injini ya mtumba, iwe imetoka Japani moja kwa moja au kupitia Dubai, ina tatizo moja: umri wake unasomeka kwa shida. Omba iwashwe. Isipowezekana, fungua kifuniko cha vavu, utazame kama kuna masizi mazito, fungua sampu, zungusha krenki kwa mkono mizunguko miwili kamili, chomoa plagi za kupashia upime kompresheni kwa stata. Oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa imeshachanganyika na maji. Na usisahau makaratasi: namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari, na ikibadilika, kwa Tanzania TRA (mamlaka ya mapato) waarifiwe, kwa Kenya NTSA (mamlaka ya usafiri), la sivyo siku ya kuuza utashindwa kueleza gari limetoka wapi.

Kanuni ninayoitumia ni hii: bloku na krenki vyote viwili vikipita vipimo, natengeneza. Kimoja kikikataa, nalinganisha. Vyote viwili vikikataa, natafuta injini nyingine bila kusikiliza hadithi.

Hatua ya 9: Kufunga na kuwasha

Spana ya nguvu iwe ya kweli, na bolti zikazwe kwa mpangilio wa kutoka katikati kwenda nje, kwa awamu. Beringi zipimwe nafasi kwa uzi wa plastiki unaobonyezwa chini ya kofia kisha kulinganishwa na karatasi yake. Ni wa bei ndogo sana ukilinganisha na krenki. Baada ya kukaza kila kofia, zungusha krenki kwa mkono. Ikigoma baada ya kofia fulani, fungua hiyo hiyo, usiendelee.

Kabla ya kuwasha, katisha dizeli na upige stata vipindi vifupi mpaka geji ya oili ipande. Toa upepo kwenye dizeli, toa upepo kwenye maji. Ikiwaka, usiiache inaunguruma taratibu saa nzima kama wafanyavyo wengi. Ringi hukaa kwa presha, na mwendo wa taratibu bila mzigo hauzipi presha hiyo. Ipashe moto, kagua uvujaji, kisha itoe barabarani kwa mzigo wa wastani, ukipandisha na kushusha mwendo. Tumia oili ya kawaida ya madini kwanza, si ya sintetiki. Imwage pamoja na filta kati ya kilomita 500 na 1,000, ipasue filta, utandaze karatasi yake juani. Vumbi laini linalong'aa ni kawaida kwa mara ya kwanza. Vipande vinavyoshikika kwa vidole si kawaida, na hapo gari lisimame siku hiyo hiyo.

Kwenye kilomita 1,000 pima upya nafasi za vavu. Bolti za hedi zirudiwe pale tu kitabu kinaposema zirudiwe. Zile za kukazwa kwa nyuzi ziache. Saizi zote ulizofikia, pistoni, beringi za meni, za konrodi na herufi ya gasketi, ziandike kwa rangi kwenye kibati kidogo ukifunge kwenye ukuta wa boneti.